Samaki hapigi yowe

(Haya ni mazungumzo ya juma yaliyosomwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapisha kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)



Jumatatu iliyopita, kabla jua halijapanda, simu yangu iliita. Alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kijana anayefanya kazi Dar es Salaam na kupanga vyumba viwili Sinza. "Shikamoo mjomba." Nikamwitikia marahaba, kisha nikamwuliza kuna nini alfajiri yote hiyo, maana sisi wa umri huu simu ya alfajiri tunaipokea moyo ukiwa juu juu. Akasema, "Mjomba, samaki wangu wamekufa. Wote."

Nitakuwa mkweli kwako, msikilizaji. Nilishusha pumzi. Nilikuwa nimeogopa msiba wa mtu. Lakini kijana sauti ilikuwa imemkauka, na alipoeleza nikaona ana haki. Alikuwa amedunduliza miezi minne ili anunue tangi la kioo la lita 60, changarawe, pampu ya hewa na samaki kumi na wawili wa rangi. Binti yake wa miaka sita alikuwa amempa kila samaki jina lake. Asubuhi hiyo ni mtoto aliyetangulia kuamka, naye ndiye aliyemwita baba yake aje aone kwa nini samaki wamelala ubavu juu ya maji.

"Yule muuzaji kanitapeli," mpwa wangu akasema. "Kaniuzia samaki wagonjwa."

Nikamwambia asimhukumu mtu kabla ya ushahidi. Nikamwuliza, kioo kikoje ukikigusa kwa nje? Akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Cha moto, mjomba. Kama birika la chai lililoachwa lipoe." Hapo nikajua. Nikamwambia achomoe waya wa hita ukutani kwanza, na asitie mkono ndani ya maji kabla ya kufanya hivyo.

Naam. Leo nataka tuzungumze juu ya hita ya tangi la samaki. Najua wako watakaosema kwamba nchi ina mambo makubwa zaidi ya vijisamaki vya sebuleni. Nawaomba wanivumilie mpaka mwisho, maana safari yetu itatoka Sinza itufikishe Shishiyu, na huko wataona kwamba jambo lenyewe si dogo.

Hita ya tangi ni nini? Ni mrija wa kioo, mrefu kama rula ya mwanafunzi au mfupi zaidi, na ndani yake umo waya unaopata moto umeme unapopita. Humo humo kuna kidhibiti, kifaa kidogo kinachohisi joto. Maji yakipoa, kinaunganisha umeme. Yakifika joto lililopangwa, kinaukata. Ukitaka kukielewa, angalia pasi yako ya umeme. Ile taa ndogo huwaka na kuzima, na ukitega sikio utasikia "ta" ndani yake. Katika hita nyingi za bei nafuu kuna kipande chembamba cha metali mbili zilizogandamana. Metali moja hutanuka zaidi ya nyingine kwa joto, basi kipande kinapinda na kuachana na mwenzake, umeme unakatika.

Sasa, kila vipande hivyo vinapogusana au kuachana, hutokea cheche ndogo. Cheche moja si kitu. Lakini hita huwaka na kuzima mara nyingi kwa siku, siku zote za mwaka. Polepole ncha zinaungua, zinakwaruzika, na siku moja zinashikana moja kwa moja kama zilizochomelewa. Tangu saa hiyo hakuna kinachokata umeme. Hita itachemsha maji usiku kucha, na kitufe cha juu kitaendelea kuonyesha nyuzi 26 kana kwamba hakuna kilichotokea. Kitufe kile huonyesha tu joto uliloagiza, hakijui maji yenyewe yamefika wapi.

Mpwa wangu aliuziwa hita ya wati 300 kwa tangi la lita 60, naye akafurahi kwamba amepata kubwa kwa bei ile ile. Hebu tufanye hesabu ya darasani. Wati 300 hupandisha joto la lita 60 kwa nyuzi moja ya Sentigredi kila baada ya dakika 14 hivi, tukiacha joto linalopotea kupitia kioo. Maji yakianza na nyuzi 27, yatafika 35 kwa muda usiozidi saa mbili kwa kiasi kikubwa. Kijana alilala saa tano usiku. Hita ikiwa ilishikana saa sita, basi saa nane samaki walikuwa taabani, na binti alikuwa bado anaota ndoto njema. Lakini hita ya wati 50 katika tangi hilo hilo ingehitaji karibu saa moja na nusu kwa kila uzi mmoja, na kwa kuwa kioo nacho kinapoteza joto, huenda isingefika huko kabisa. Kwa hiyo ndugu yangu, katika jambo hili kifaa kidogo ni rafiki. Kikiharibika, kinakupa muda wa kuamka.

Tena kuna swali la msingi zaidi. Je, mpwa wangu alihitaji hita? Samaki wengi wa rangi wanaouzwa mijini wanatoka nchi za joto, nao hupenda maji ya nyuzi 24 hadi 28. Dar es Salaam maji yaliyowekwa sebuleni yanafika hapo yenyewe, na miezi ya Januari na Februari yanapita. Kuweka hita katika tangi la Sinza mwezi wa Februari ni sawa na kumvisha mtoto sweta apeleke mzigo Kariakoo. Hita ina kazi yake Mbeya, Njombe, Arusha au Nairobi, ambako usiku wa Julai ni baridi kweli. Ina kazi pia katika ofisi ambayo kiyoyozi hakizimwi. Mkazi wa pwani anunue kwanza kipimajoto, akiangalie asubuhi na jioni kwa wiki mbili, ndipo aamue.

Hita ilibuniwa kwa ajili ya nchi za theluji, na huko imefanya kazi ambayo hata sisi wa Kanda ya Ziwa inatugusa. Watu wa Mwanza wanawajua furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria waliokuwa wa aina mamia. Baada ya sangara kupandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na kuongezeka kupita kiasi katika miaka ya 1980, wataalamu walikadiria kwamba aina kama 200 za furu zilitoweka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, walioanza kazi Mwanza mwaka 1977, walishuhudia mambo hayo kwa macho yao. Baadhi ya furu walikuwa wamekwisha kupelekwa Ulaya na Marekani, na huko vizazi vyao vimeendelea kulelewa katika matangi ya kioo. Fikiri basi, msikilizaji: ukoo wa samaki wa Mwanza unaishi ng'ambo, nje kuna barafu, na uhai wake unategemea vipande viwili vya metali viachane kwa wakati. Ndiyo maana watunzaji makini hawategemei hita moja. Huweka kidhibiti cha pili nje ya tangi, kinachokata umeme wa kwanza ukikaidi, na hugawa kizazi kimoja katika matangi kadhaa.

Turudi kwa mpwa wangu. Aliniuliza, "Mjomba, nyuzi 35 ndizo za kuua? Mbona mimi naoga maji ya moto kuliko hayo?" Swali zuri. Samaki wale hawakuchemka. Walikosa pumzi. Nami somo hilo sikulipata katika kitabu. Nililipata Shishiyu, huko Simiyu, nikiwa mtoto wa kuchunga, miaka mingi kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012 na Bariadi kuwa makao yake makuu.

Tulikuwa na lambo la kunyweshea ng'ombe. Mvua zikinyesha lilijaa, na samaki walionekana humo kama walioshuka na mawingu. Ilipofika Septemba na Oktoba, pamba imekwisha kuuzwa na nchi imekauka hadi inapasuka, lambo lilibaki dimbwi la maji ya kahawia, ya vuguvugu, ng'ombe wakiingia na kutibua tope. Alfajiri moja tulikuta samaki wote wamepanda juu, midomo nje, wanameza hewa kama wanaonong'ona. Sisi watoto tulishangilia, tukakimbilia matenga. Babu yangu akatuzuia kwanza. Akasema, "Angalieni vizuri. Nani anakufa, na nani hafi?"

Tukaangalia. Waliokuwa wakigeuka matumbo juu ni ngege. Kambale alipanda, akavuta funda moja la hewa, akarudi chini zake kama mzee aliyetoka kuvuta tumbaku. Na kamongo hata hakuonekana. Alikwisha kujichimbia topeni kungoja mvua. Babu akasema, "Maji yamechoka. Ngege anategemea maji peke yake. Kambale ana mlango wa pili."

Baadaye shuleni ndipo nilipojua alichokuwa anasema. Kambale ana kiungo juu ya mashavu yake kinachomwezesha kutumia hewa ya nje, na kamongo ana mapafu. Ngege na sato, kama walivyo samaki wengi wa rangi wa mpwa wangu, hutegemea oksijeni iliyoyeyuka majini. Na maji yana tabia hii: yanapopata joto, hushika oksijeni kidogo zaidi. Usawa wa bahari, lita moja ya maji baridi ya nyuzi 20 hushika miligramu 9 hivi za oksijeni. Kwa nyuzi 30 hushika saba na nusu. Kwa nyuzi 35, saba tu. Huko kwetu Usukumani, ambako hata uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari, kiasi hicho kinapungua zaidi kwa sababu hewa yenyewe ni nyepesi.

Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba mwili wa samaki hauna joto lake wenyewe, unafuata maji. Maji yakipanda nyuzi kumi, mwili wake unafanya kazi karibu mara mbili, nao unadai oksijeni karibu mara mbili. Wewe mfanyakazi wa mjini utanielewa haraka. Ni kama mshahara unapunguzwa mwezi ule ule ambao bei ya unga inapanda maradufu.

Wapo samaki waliozoea shida hiyo. Katika Ziwa Magadi, Kenya, kuna perege wadogo wanaoishi kwenye chemchemi zenye joto la zaidi ya nyuzi 40. Lakini wamefika hapo kwa vizazi na vizazi. Samaki wa rangi wa Sinza hakupewa vizazi. Alipewa saa mbili.

Sasa msikilizaji, nimefika mahali ambapo ni vigumu kwangu kusema, lakini nisiposema nitakuwa nimekudanganya. Miaka michache iliyopita dada yangu, mama yake huyu huyu mpwa wangu, alitaka kuchimba bwawa la sato pale Shishiyu. Mimi ndiye niliyekuwa natuma fedha. Vibarua walitaka malipo zaidi ili wachimbe hadi kimo cha kifua. Dada akanipigia simu, akasema, "Kaka, wanasema bwawa fupi litapata moto." Nikamjibu kwa ukubwa wa mtu wa mjini, "Hao wanatafuta fedha tu. Goti linatosha. Samaki ni samaki."

Vifaranga vilipandwa, vikakua vizuri wakati wa mvua. Ilipofika Oktoba maji yalikuwa hayafiki goti tena, yamekuwa ya kijani kama uji wa mlenda, na dada alikuwa akiwalisha pumba nyingi ili wanenepe kabla ya sikukuu. Asubuhi moja akaamka akakuta bwawa jeupe kwa matumbo ya samaki. Hakunilaumu. Alisema tu, "Kaka, wamekwisha." Fedha ile ilikuwa ya ada ya mtoto wake wa mwisho. Mimi, niliyeonyeshwa na babu lambo lile kwa kidole, nilikuwa nimesahau.

Ndipo ninapotaka kuzungumza na wewe uliye mjini. Wengi wetu tuna matangi mawili. Moja liko sebuleni, jingine liko nyumbani tulikozaliwa, na hilo la pili tunaliendesha kwa simu. Kanuni yake ni moja. Samaki hapigi yowe. Kwetu Usukumani ng'ombe akiibwa, mwano hupigwa, kijiji kizima kinatoka. Mbuzi akishikwa na fisi atalia. Mtoto akiungua atalia. Samaki hufa kimya, tena hufa usiku, na dalili yake ya mwisho ni mdomo wazi juu ya maji. Kwa hiyo lazima anayemfuga awe ndiye macho na ndiye sauti.

Kwa mwenye tangi nyumbani, ushauri wangu ni huu. Nunua kipimajoto kabla ya hita, nacho kikae upande wa pili wa tangi, mbali na hita. Kama unahitaji hita, chukua ndogo. Katika nyumba isiyo ya baridi kali, wati moja kwa kila lita inatosha na kuzidi. Hita mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa. Usiweke tangi dirishani ambako jua la mchana linapiga. Hita ikizeeka, ibadilishe kabla haijakubadilishia wewe samaki.

Ukikuta maji yamepata moto, chomoa umeme kwanza, ndipo uguse maji. Usiitoe hita majini papo hapo, maana kioo chake kikiwa cha moto kinaweza kupasuka. Iache dakika kama 20. Fungua kifuniko. Iwashe pampu ya hewa kwa nguvu zake zote, na kama una feni, ielekeze juu ya maji. Kama umeme umekatika, chukua kikombe, chota maji na uyamimine kutoka juu, tena na tena; maji yakiruka hupata hewa. Jaza chupa maji ya baridi, ifunge vizuri, iache ielee tangini. Punguza joto polepole, uzi mmoja au miwili kwa saa. Usimwage barafu, kwani mshtuko wa baridi nao huua. Usibadilishe maji yote kwa mara moja, na usitie maji ya bomba yenye klorini kabla hayajakaa wazi au kutiwa dawa ya kuiondoa. Na usimlishe samaki siku hiyo. Kusaga chakula kunamla oksijeni ambayo hana.

Kwa mwenye bwawa, kanuni ni zile zile kwa koleo badala ya waya. Kina kisipungue mita moja hata wakati wa kiangazi. Usipande vifaranga kupita kiasi. Maji yakiwa ya kijani kizito, punguza chakula na mbolea, kwa kuwa mimea ile midogo hutoa oksijeni mchana lakini usiku nayo huivuta. Ndiyo sababu saa ya hatari ni kabla ya mapambazuko, na ndiyo saa ya kwenda kutazama. Ukiwaona juu, midomo nje, ongeza maji mapya au yatibue kwa ndoo mara moja, wala usingoje kushauriana na mtu wa mjini.

Mpwa wangu aliosha tangi lake Jumanne. Ameniambia kwamba atanunua samaki watano tu safari hii, kipimajoto kimoja, na hita hakuna. Binti yake ndiye atakayekuwa msomaji wa kipimajoto, asubuhi kabla ya shule na jioni kabla ya kulala, naye anaandika namba katika daftari. Amekwisha kumpigia simu bibi yake Shishiyu kumwuliza maji ya bwawa lake yana nyuzi ngapi.

Dada yangu hana kipimajoto. Nimemtumia kimoja kwa basi. Na safari hii nimetuma pia fedha ya vibarua, wachimbe hadi kifuani, kama walivyosema wao tangu mwanzo.

Msikilizaji, tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda. Kwa heri.